Mwanamke wa Jumatano

"Dada, mumeo yuko wapi?"

Muuguzi wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umekumbatia rundo la mafaili. Kliniki nzima ilimwita Redio. Yeye mwenyewe alijua, wala halikumkera.

"Yuko chumbani kwake," mwanasaikolojia akajibu bila kuinua kichwa.

"Hayupo. Nimegonga, nimefungua, nimechungulia hadi nyuma ya mlango. Watu wake wamejaa benchi. Kuna mama amekuja na binti yake tangu asubuhi, binti hajafumbua mdomo."

"Basi atakuwa amekwenda kwa daktari wa meno. Aliniambia."

"Meno tena? Jumatano iliyopita meno. Jumatano ya kabla ya hiyo, meno. Dada, mimi nina meno mabovu kuliko mtu yeyote humu ndani na sijawahi kuyahangaikia hivyo."

Mwanasaikolojia akainua kichwa. Wagonjwa walimwita Shwari. Jina alilipata siku kijana mmoja alipoipindua meza yake, naye akaendelea kuongea kwa sauti ile ile, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Mume wake alikuwa mwanasaikolojia pia, na kwa kimo chake hakuna aliyehangaika kumtafutia jina jingine zaidi ya Mrefu. Walikutana hapo hapo kazini, wakapendana hapo hapo, kwenye kliniki ya serikali ya afya ya akili, yenye mabenchi ya mbao, foleni isiyoisha na feni inayozunguka ikijisikia.

"Watu wake nitawaona mimi," Shwari akasema. "Anza na huyo mama na binti."

"Na wako je?"

"Nao nitawaona."

"Utakufa wewe," Redio alisema akiondoka, "huyo wa meno atabaki."

Jioni Mrefu alirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa. Akaweka simu mezani, akakaa, akaanza kufungua viatu, kisha akasahau kumalizia. Kiatu kimoja kikabaki mguuni.

"Meno yanaendeleaje?" mke akauliza.

"Afadhali."

"Ni lipi hasa linalouma?"

"Hili la nyuma." Akagusa shavu la kulia.

Wiki iliyopita alikuwa amegusa la kushoto. Mumewe akaingia bafuni, maji yakaanza kumwagika, na simu ikawaka pale mezani. Hakuifungua. Haikuwa na haja ya kufunguliwa, ujumbe ulikuwa umejianika wenyewe kwenye kioo.

"Pole kwa leo, najua haikuwa rahisi. Jumatano saa tisa kama kawaida, usikose. Nipo."

Jina la aliyetuma lilikuwa herufi moja tu, M. Shwari alisoma mara ya pili. Maneno yote yangeweza kupewa maelezo, isipokuwa hilo la mwisho. Hakuna daktari wa meno anayemwandikia mtu "Nipo".

Alimpigia wifi yake, dada wa Mrefu, akiwa amejifungia jikoni.

"Wifi, nataka kukuuliza kitu, usicheke."

"Siwezi kuahidi. Uliza."

"Nadhani kaka yako ana mtu."

Wifi akasema, "Mrefu? Huyu huyu ninayemjua mimi? Aliyekaa mwaka mzima akijipanga kukuomba namba ya simu?"

"Huyo huyo."

"Ameanza kujipulizia manukato?"

"Hapana."

"Amenunua mashati?"

"Wapi. Hata kunyoa ameacha. Shati moja analivaa mpaka nimvue mimi."

"Anakula?"

"Anachezea chakula tu."

"Sasa, wifi yangu, huyo mwanamke naye ana macho kweli?"

Shwari alicheka. Kicheko hakikufika mwisho, kikageuka kilio, na wifi upande wa pili akaanza kutukana mtu asiyemjua.

"Nitamshika nywele! Nakwambia nitamshika nywele mimi mwenyewe! Niambie tu anakaa wapi."

Anakaa wapi, hilo lilijulikana baada ya Jumatano iliyofuata, na aliyelileta alikuwa Redio. Aliingia chumbani kwa Shwari Alhamisi asubuhi, akafunga mlango, akahakikisha umefungika.

"Dada, sitaki uniite mmbea."

"Sema."

"Jana nilitoka mapema, nikapita kwenye lile duka la dawa karibu na soko kuu. Nikamwona mumeo. Anapanda zile ngazi za pembeni, kwenda ghorofani. Akagonga. Mlango ukafunguliwa na mwanamke, akampokea kwa mikono miwili, namna hii."

"Mwanamke gani?"

"Sura sikuiona. Niliona gauni, la bluu. Mlango ukafungwa."

"Ukakaa kusubiri atoke?"

"Dada! Mimi?" Redio akashika kifua. Kisha akakaa kitini. "Nilikaa kidogo. Alitoka anajifuta uso kwa leso. Jasho, dada. Jasho, na jana kulikuwa na baridi."

Shwari alimshukuru. Akaona wagonjwa wake wote wa siku hiyo, mmoja mmoja, akawasikiliza, akawapangia miadi. Wa mwisho, mwanamke aliyekuwa akisumbuliwa na hofu ya kutoka nje, alimwambia, "Daktari, leo umenisaidia sana." Saa kumi alikuwa nyumbani, akikunja suruali za mumewe na kuzipanga kwenye begi.

Mrefu aliliona begi kabla ya kumwona mke.

"Unasafiri?"

"Wewe ndiye unayesafiri."

Mwanaume akasimama pale mlangoni, ameinamisha kichwa kama kawaida yake kukwepa fremu.

"Jumatano huwa unakwenda wapi?" Shwari akauliza.

Mrefu akalitazama begi.

"Nimekuuliza kwa upole, Mrefu."

"Nakwenda mahali."

"Kwa mwanamke?"

Angeweza kudanganya. Mdomo ulifunguka kana kwamba anataka kulitaja tena jino, ukajifunga, ukafunguka tena.

"Ni mwanamke, ndiyo. Lakini siyo..."

"Inatosha."

"Nisikilize basi."

"Kusikiliza ndiyo kazi ninayoifanya kutwa nzima. Hapa nyumbani nimechoka kusikiliza. Beba."

Alisubiri apige kelele. Alisubiri aape kwa jina la mama yake, apige magoti, atupe begi. Hakufanya hata moja. Mrefu alinyanyua begi lake taratibu, kama mtu aliyepewa habari aliyokwisha kuijua, akainama kidogo mlangoni, akatoka.

Baada ya muda simu ya Shwari ikapokea ujumbe kutoka kwa wifi.

"Kaka yangu yuko hapa na begi. Amekaa tu, haongei. Umemfanya nini?"

Akajibu, "Muulize Jumatano zake."

"Nimemuuliza. Ananiangalia kama ukuta. Wifi, mimi naogopa."

Shwari akazima simu.

Kesho yake alimwambia Redio kwamba ataingia kazini akichelewa, na kwa mara ya kwanza Redio hakuuliza kwa nini. Duka la dawa alilijua. Ngazi za pembeni zilikuwa za saruji iliyomeguka, mlango wa juu hauna kibao wala jina. Aligonga kwa ngumi.

Aliyefungua alikuwa mama wa makamo aliyekwisha kuyapita makamo, umri wa mama yake mzazi, nywele zimeingia mvi, miwani ikining'inia kifuani kwa cheni. Gauni lilikuwa la bluu.

"Karibu, mwanangu. Una miadi?"

"Sina. Namtaka mwanamke wa hapa."

"Mwanamke wa hapa ni mimi."

"Namtaka yule mwingine."

"Hakuna mwingine."

Shwari alimpita, akaingia ndani. Chumba kimoja, dirisha moja, na mlango wa nyuma uliokuwa wazi, nao ulikuwa wa choo. Hapakuwa na pa kumficha mtu.

"Mume wangu anakuja hapa kila Jumatano," akasema, na sauti ikampanda, ile sauti ambayo kliniki nzima haijawahi kuisikia. "Mrefu, mwembamba, akipita mlangoni anainama. Kaonekana. Usinidanganye!"

"Sikudanganyi."

"Anakuja kufanya nini?"

Yule mama alivaa miwani yake, akamtazama vizuri.

"Siwezi kukwambia kwamba namjua mtu huyo," akasema, "na siwezi kukwambia kwamba simjui."

Shwari alikuwa amefungua mdomo kupiga kelele. Akaufunga.

Sentensi hiyo aliijua. Aliisema yeye mwenyewe kwa wake za watu, kwa mabosi, kwa polisi, kwa wazazi waliokuja juu wakitaka kujua mtoto wao mtu mzima amesema nini. Aliwafundisha wanafunzi wa mafunzo ya vitendo kuisema hivyo hivyo, pande zote mbili bila kuruka moja. Mwizi wa mume angekana. Au angetukana, au angecheka. Asingeisema ile.

Ndipo akakiona chumba, kimepangwa kama chake cha kliniki. Viti viwili vimewekwa mshazari, visitazamane uso kwa uso. Leso za karatasi ziko pale mkono unapofika bila kunyooka. Saa ya ukutani iko nyuma ya kiti cha mgeni, ili anayesikiliza aone muda, na anayeongea asimwone akiutazama.

"Mama," akasema taratibu, "mimi nikitaka miadi na wewe, utanipokea?"

Mama akavua miwani, ikarudi kuning'inia kifuani.

"Kwa sasa siwezi kukupokea wewe. Lakini naweza kukupa namba ya mwenzangu. Ni mtu mzuri."

"Nimeelewa," Shwari akasema. Yeye pia hakuwahi kumpokea mke wa mgonjwa wake.

"Sijakwambia kitu chochote, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Hujaniambia kitu." Akafika mlangoni, akageuka. "Shikamoo. Nilisahau kukuamkia."

"Marahaba. Shuka polepole, hizo ngazi ni mbovu."

Alishuka polepole. Hanyoi, hali, amekimbia watu, anafungua kiatu kimoja na kusahau cha pili. Kama maelezo hayo angeletewa ofisini na mke wa mtu mwingine, asingehitaji hata kusikia sentensi ya mwisho. Lakini alikuwa amejiletea mwenyewe, na kwa mume wake hakuwa mtaalamu, alikuwa mke mwenye wivu kama wake wengine.

Wifi alifungua mlango na kumnyooshea kidole uani bila kusema neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mrefu alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti yakimfika kidevuni, anaosha vyombo kwenye beseni. Sahani aliyokuwa nayo mkononi ilikwisha kutakata zamani. Aliendelea kuisugua.

"Nimetoka kule ghorofani," Shwari akasema.

Mkono ukasimama.

"Amekwambia nini?"

"Hajaniambia hata neno. Amenikatalia vizuri kabisa. Ningekuwa bosi wake ningempandisha cheo."

Mrefu karibu atabasamu. "Amekataaje?"

"Eti hawezi kusema anakujua, wala hawezi kusema hakujui. Mrefu, tangu lini?"

"Tangu mwalimu."

Mwalimu wa hesabu alikuwa mgonjwa wa Mrefu kwa muda mrefu. Alikuja akiwa hawezi kuamka kitandani, akafika mahali akarudi darasani. Siku moja alikuja amevaa vizuri, akatania watu kwenye benchi, akasema anajisikia mwepesi, na Mrefu akafurahi naye. Badala ya wiki, akampa miadi ya mwezi. Kabla wiki haijaisha mwalimu alijitoa uhai. Kliniki ilikaa kikao. Aliyeongoza kikao alikuwa Mrefu mwenyewe, akawaambia wenzake kwamba mambo haya hutokea, kwamba asiwepo wa kujilaumu. Wakatoka pale wakisema mtu huyu ni imara kweli.

"Nilikuuliza," Shwari akasema. "Nilikuuliza kama uko sawa. Ukasema uko sawa."

"Uliniuliza koridoni. Ulikuwa unakimbia, una mgonjwa."

"Kwa nini hukuniambia? Chumba changu kiko pale pale. Kitanda chetu ni kimoja."

"Nilitaka."

"Lini?"

"Siku tuliyotoka mazishini. Tulikuwa jikoni. Nilikuwa nimeshajipanga, maneno niko nayo hapa." Akagusa koo kwa mkono wenye povu. "Ukasema, 'Ningekuwa mimi nisingemsogezea tarehe.'"

Shwari alimtazama.

"Nilisema hivyo?"

"Ulikuwa unakoroga chai."

"Sikumbuki."

"Najua hukumbuki. Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama tunavyosema tukiwa tunajadili faili la mtu. Ila mimi ndiye niliyemsogezea."

Nyuma ya pazia la mlango wa uani kitu kilianguka, kikasukumwa haraka pembeni.

"Kwa hiyo uliposikia maneno hayo," Shwari akaanza, "ndani yako ukahisi..."

"Usinifanyie kazi, Shwari. Mtu wa kunifanyia hiyo kazi ninaye. Ninayemkosa ni mke."

"Mwambie pole, wifi!" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Wifi, unatusikiliza?"

"Sisikilizi! Nakunja nguo!"

Shwari akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Akaingiza mikono kwenye beseni, akaishika ile sahani na mkono ulioishika.

"Nisamehe," akasema. Sauti haikuwa shwari. "Kwa lile neno. Kwa begi. Na kwa kukwambia nimechoka kukusikiliza. Hilo ndilo baya kuliko yote."

"Na mimi nimekudanganya. Kila Jumatano nilikuangalia usoni nikakudanganya. Niliona aibu. Nawaambia watu kutwa nzima kuomba msaada si aibu, halafu mimi napanda ngazi za watu najificha kama mwizi."

"Nilikuwa nimeshampa sura huyo mwanamke wako."

"Sura gani?"

"Mwembamba. Kiuno hiki hapa. Ana cheni mguuni."

"Ana cheni ya miwani."

Wakacheka wote wawili kwa pamoja, kwa nguvu, hadi maji yakamwagika, na nyuma ya pazia mtu wa tatu akacheka akasahau kwamba hasikilizi. Mrefu ndiye aliyeacha kwanza.

"Nataka kuacha kazi," akasema. "Jumatatu naingia kwa mganga mkuu wa kliniki namwambia. Mtu akitabasamu mbele yangu sasa hivi, sijui tena kama anatabasamu kweli."

Shwari alikuwa na swali zuri la kitaalamu mdomoni, limekaa sawasawa, na lingefanya kazi. Akalimeza.

"Mimi sitaki uache," akasema. "Nilikuwa nakusikia kupitia ukuta ukicheka na wagonjwa wako. Hata nikiwa na siku mbaya, nikisikia hivyo naendelea. Siku hizi sikusikii. Lakini ukiamua kuacha, acha. Tutakula mshahara wangu."

"Mshahara wako?" Mrefu akauliza. "Huo huo ninaoujua mimi?"

"Huo huo."

"Basi ngoja nifikirie tena."

Waliondoka alasiri. Wifi aliwasindikiza hadi barabarani, akamkumbatia kaka yake mara mbili, na kumnong'oneza Shwari kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo kwamba siku nyingine akitaka kumrudisha mtu, amrudishe na nauli.

Njia fupi ya kwenda nyumbani ilipita kwenye shule aliyofundisha mwalimu. Mrefu akapunguza mwendo.

"Huwa nazunguka," akasema. "Napita kule nyuma ya stendi."

"Tuzunguke?"

Akasimama kidogo. Watoto walikuwa wanatoka, mashati nje, mabegi mgongoni, wanasukumana.

"Hapana. Tupite."

Wakapita. Getini miguu ya Mrefu ikagoma. Aliweka mkono kwenye ukuta wa shule, akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Watoto wakasimama kushangaa mtu mzima mkubwa namna ile analia mchana kweupe. Shwari aliweka begi chini kwenye vumbi, akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili, maana mabega hakuyafikia.

"Alikuwa mchekeshaji sana," Mrefu akasema ilipotoka sauti. "Hilo naweza kukwambia. Mengine siwezi."

"Najua huwezi."

"Hutaniuliza kitu?"

"Hapana."

"Asante."

Mrefu hakuacha kazi. Aliomba likizo, akapewa. Siku aliyorudi, katika kikao cha asubuhi, mganga mkuu alipouliza kama kuna mengineyo, akainua mkono.

"Nilikuwa naumwa," akasema. "Sikuwa na jino bovu. Tangu mwalimu afariki nimekuwa nikizungumza na mwanasaikolojia mwenzetu, na bado naendelea. Wagonjwa wangu wengine mliwabeba ninyi bila kujua kwa nini. Nawashukuru, na nawaomba radhi."

Mganga mkuu akakohoa. Redio akatazama kucha zake. Watu wanane waliozoea kuwauliza wengine wanajisikiaje wakakosa la kumuuliza mwenzao.

Kisha mfamasia, mzee mmoja ambaye hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kusema neno kikaoni, akajikuna kidevu.

"Huyo mwenzetu," akasema, "anapokea na watu wa dawa?"

"Anapokea," Mrefu akajibu.

Shwari alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Akainuka, akachukua kikombe chake, akazunguka nyuma ya viti vya wenzake, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi pembeni ya mumewe. Mganga mkuu akauliza kama kuna lingine, na kikao kikaendelea.